Tuisheni sebuleni: bei, saa za chuoni na mtoto wa Gredi 4 asiyesoma

Barua nyingi za mwezi huu, kutoka mitaa ya Mombasa, zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mtu ana sebule, ana elimu yake, amezungukwa na watoto wa majirani, na bei ya unga haimngoji. Je, kuwasomesha watoto nyumbani kunaweza kuongeza kitu mfukoni? Kunaweza, kwa mwenye kuweka hesabu. Zilizofanana tumeziunganisha.

Salaam aleikum. Niko Majengo, nina watoto watatu. Kidato cha nne nilimaliza vizuri, hasa hesabu na Kiswahili. Majirani huniletea watoto wao niwaangalilie kazi za shule, tena bure. Nataka sasa iwe kazi. Nitoze ngapi, na nichukue watoto wangapi? — Mama watatu, Majengo

Wa aleikum salaam, mama. Kabla ya bei, shika kalamu uandike saa. Shule za kutwa hufunga masomo saa tisa unusu, lakini siku ya mtoto wa Majengo haijesha hapo. Anarudi, anakula, anavua sare, anakwenda chuoni, yaani madrasa. Vyuo vingine husomesha kila siku baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, vingine ni Jumamosi na Jumapili asubuhi tu. Waulize wazazi kwanza, na usigongane na chuo hata siku moja, kwa sababu atakayeachwa ni wewe. Wengi watakwambia nafasi iliyobaki ni baina ya Magharibi na Isha, ambayo ni saa moja na kidogo. Wakubwa, Gredi 7 kwenda juu, wanaiweza. Mtoto wa Gredi 2 aliyeamka alfajiri atasinzia juu ya daftari, na mzazi atakuwa analipia usingizi. Wadogo wape siku zao zisizo na chuo, hata zikiwa mbili tu kwa wiki. Ramadhani ratiba yote inapinduka, basi wakubaliane nawe mapema, kabla mwezi haujaandama.

Ukishajua saa, chagua kundi la watoto sita, wa gredi moja au mbili zinazofuatana. Ukichanganya Gredi 2 na Gredi 8 unakuwa mlinzi wa watoto: unamwelezea mmoja, watano wanachorana migongo.

Bei sasa. Chukua mfano huu, ubadilishe tarakimu uweke za mtaani kwako. Watoto 6, kila mmoja shilingi 1,500 kwa mwezi, siku 4 kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Zinaingia 9,000. Kopi za mazoezi, karatasi 8 kwa kila mtoto kwa wiki kwa shilingi 5 karatasi, ni 960. Tokeni za umeme weka 300, kalamu za ubao na penseli 250, maji ya kunywa 200. Jumla ya gharama 1,710, unabaki na 7,290. Kazi yenyewe ni saa 24 za kufundisha, na saa 8 za kutayarisha na kusahihisha ukitenga nusu saa kwa kila kipindi. Gawanya: shilingi 228 hivi kwa saa. Hiyo ndiyo bei ya jasho lako, si ile 9,000.

Halafu jaribu njia ambayo wengi huikimbilia, watoto 14 kwa shilingi 700. Zinaingia 9,800 na macho yanafurahi. Lakini kopi zimekuwa 2,240, umeme 300, kalamu na penseli 450, maji 450. Umebaki na 6,360, pungufu ya ulipokuwa na watoto sita, na madaftari ya kusahihisha yamezidi maradufu. Sebule imejaa, mtoto asiyeelewa amejificha nyuma, na baada ya muhula mmoja mzazi wake anamtoa kwa kuwa hakuona tofauti. Watoto wachache wanaoonekana wamebadilika ndio wanaokuletea wengine. Bango halileti mtu.

Jambo moja zaidi, nalo husahaulika: likizo. Aprili, Agosti, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwaka mpya, usiihesabu pesa hii. Hesabu miezi 8. Mara 7,290 ni 58,320 kwa mwaka, ambayo ukiigawa kwa miezi 12 ni 4,860 kwa mwezi. Usichukue mkopo wa friji kwa kutazama mwezi wa Juni.

Vifaa si vingi. Mkekani panafaa kwa kusoma, lakini mtoto anayeandika kifudifudi huchoka mkono baada ya robo saa na mwandiko unaanza kupanda mlima. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 mwambie fundi aipasue kwa urefu, upate vipande viwili vya futi 8 kwa 2. Kimoja juu ya kreti za soda kinatosha watoto sita, watatu kila upande, wakiwa wamekaa chini. Hicho cha pili kipake rangi ya ubao. Na usijiandike "mwalimu" kwenye tangazo kama hujasajiliwa na TSC, tume ya walimu. Andika "msaada wa masomo". Wakianza kuja asubuhi badala ya kwenda shule, hiyo tena si tuisheni, ni shule isiyosajiliwa, na sheria ina jina lake.

Mwezi huu watoto watatu kati ya saba hawajalipiwa. Wawili ni wa binamu yangu, siwezi kumkabili. Mwingine baba yake ni kibarua bandarini, hulipwa akipata kazi. Nifanyeje? — Dada wa Mikindani

Hizi ni kesi mbili tofauti, dada, usizitie chungu kimoja.

Huyu wa bandarini hana tatizo la kulipa, ana tatizo la mwezi. Mtu anayepokea kwa siku hawezi kushikilia 1,500 mpaka tarehe 5. Mgawie kwa wiki, 375 kila Jumatatu, kabla ya kipindi. Wiki asiyolipa, mtoto haji, na wiki inayofuata anaanza upya bila deni. Kwa muhula wa wiki 13 utapokea 4,875 mahali pa 4,500 za miezi mitatu, na hiyo nyongeza ni haki yako kwa usumbufu wa kufuatilia.

Binamu ni jambo jingine. Jamaa ama wasome bure kwa kauli yako mwenyewe, ama walipe kamili. Kinachovunja udugu ni nusunusu, pale wewe unapodai kimoyomoyo na yeye hajui kama anadaiwa. Kama utamsamehe, msamehe mtoto mmoja, wa pili alipiwe, na useme hivyo mbele ya mama yake kabla muhula haujaanza.

Kwa wote: laini ya M-Pesa ya kazi iwe mbali na laini ya nyumbani. Ujumbe wa malipo ndio risiti, na mwisho wa mwezi hutafuti pesa za tuisheni katikati ya pesa za samaki. Mtoto usimtume na deni. Usimwambie mbele ya wenzake, wala usimrudishe mlangoni. Mpigie mzazi.

Nafundisha shule ya binafsi Kisauni, Gredi 5. Wazazi wa darasa langu wanataka niwasomeshe watoto wao jioni na likizo ya Agosti. Kuna ubaya? — Mwalimu

Likizo, mwalimu, jibu ni la. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinasema mwanafunzi asitiwe kwenye tuisheni ya likizo, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi 100,000, kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Kuibatiza "kambi ya kusoma" hakuigeuzi.

Jioni, shida si saa, shida ni watoto wenyewe. Unawafundisha mchana, unawasahihisha mchana, halafu jioni baadhi yao wanakulipa. Hata ukiwa mwadilifu kama mizani ya dhahabu, mzazi asiyelipa ataamini nusu ya somo umeiweka akiba ya jioni, na alama za mtoto anayelipa zitatiliwa shaka. Chukua watoto wa shule nyingine, au badilishaneni na mwenzako wa mtaa wa pili: wa kwako waende kwake, wa kwake waje kwako. Na soma mkataba wako wa kazi kabla ya kuanza. Ukiwa umesajiliwa na TSC, pitia pia kanuni zao za maadili, au uulize ofisi yao ya kaunti ndogo.

Nimeletewa mtoto wa Gredi 4 hajui kusoma. Mama yake anataka nimwandae kwa mtihani wa Gredi 6. Tumefanya mazoezi ya ufahamu wiki tatu, hakuna kitu. — Bi wa Kibokoni

Weka ufahamu kando, bi. Huwezi kumfahamisha mtu asichokisoma. Mtihani huo, KPSEA, uko mbele miaka miwili, na kwa mtoto huyu miaka miwili inatosha ukianzia alipokwama.

Kumjua alipokwama ni kazi ya dakika kumi. Tayarisha karatasi nne: silabi 10 (ba, ki, mu, so, te), maneno 10 ya silabi mbili (paka, meza, jiko), aya ya sentensi nne fupi, na hadithi ya nusu ukurasa yenye maswali mawili. Ni ngazi zilezile walizotumia wapimaji wa Uwezo, mradi wa kupima usomaji wa watoto, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Akisoma 8 kati ya 10, panda. Akishindwa, simama hapo: ndipo darasa lake lilipo, sare iwe ya gredi gani. Jihadhari na aliyekariri. Funika picha kwa kiganja, kisha umwambie asome mstari kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Msomaji atapunguza mwendo tu. Aliyekariri atanyamaza, au atakusomea sentensi isiyokuwepo.

Anza na Kiswahili hata kama mama anataka Kiingereza. Irabu zetu tano hazibadiliki sauti, kwa hivyo mtoto akishajua kuunganisha amejua, wala hakuna mtego kama ule wa maneno ya Kiingereza yanayoandikwa hivi na kutamkwa vile. Kinachowakwamisha wengi ni majina ya herufi. Mtoto amefundishwa kusema "bii, ei", halafu anaambiwa ni "ba". Kwa masikio yake hakuna "ba" ndani ya "bii-ei", na yuko sahihi. Mfundishe sauti: b na a, vuta, "ba".

Kata kadi kutoka maboksi ya sabuni, za ukubwa wa kiganja. Wiki ya kwanza chukua m, b, k, t, l na irabu tano, silabi 25. Kila siku dakika 20, na usizidishe: dakika 5 kutaja silabi kwa kadi zilizochanganywa, dakika 5 kuunganisha kadi mbili na tatu ziwe maneno (ka-la-mu, ki-ti, mo-to ), dakika 7 kusoma sentensi zilizotungwa na silabi hizohizo tu, dakika 3 imla ya maneno matano. Wiki zinazofuata ongeza konsonanti tano tano. Zile nzito, yaani mb, nd, ng', ny, dh, th, gh, kisha mbw, ngw, nyw, ziache mwisho. Ukiona amekosa silabi ileile siku tatu, usisonge mbele, rudi nyuma kadi mbili.

Kuna kitu cha kwetu hapa Mvita, cha lahaja yetu. Katika imla mtoto ataandika "kitwa" kwa kichwa, "mato" kwa macho, "ndia" kwa njia. Usiandike msalaba mwekundu ukamwambia hajui Kiswahili. Ameandika alichosikia kwa bibi yake, tena kwa herufi barabara. Hilo ni ushahidi kwamba anasikia sauti vizuri. Chora safu mbili daftarini, "nyumbani" na "shuleni", aweke kitwa huku na kichwa kule. Baada ya jozi kumi ataanza kuona mwenyewe kwamba t ya nyumbani mara nyingi ni ch ya shuleni, na huo ni ujuzi ambao mtoto wa Nairobi hana.

Na kabla ya kumtoza mama muhula mzima, mwangalie anavyokaa. Akikunja uso kutazama ubao, au akisogeza daftari mpaka puani, apelekwe kupimwa macho kwanza. Akigeuza kichwa upande mmoja kila unapozungumza, apimwe masikio.

Mtoto wangu wa Gredi 3 akitoa 17 kwa 42 anapata 35, kila mara. Nimemweleza "kopa" mpaka nimechoka. — Baba, Changamwe

Hilo kosa lina mantiki yake, kaka. Ameona 2 na 7, akajua 7 haitoki kwenye 2, akageuza akatoa 2 kwenye 7, akapata 5. Kisha 4 toa 1 ni 3. Neno "kopa" halimsaidii kwa sababu kwake 4 ni nne tu, hajui kwamba ni makumi manne.

Chukua fagio la chelewa, kata njiti fupi 50. Fungeni pamoja mafungu ya kumi kumi kwa mipira ya kufungia noti. Weka mafungu 4 na njiti 2. Mwambie akupe njiti 7. Atakwambia hazitoshi. Nyamaza umngoje, wengi hufungua fungu wenyewe. Sasa ana mafungu 3 na njiti 12, anakupa 7 zinabaki 5, anakupa fungu moja yanabaki 2. Ishirini na tano. Afanye hivyo siku tatu kwa njiti bila kuandika, siku ya nne aandike huku akishika njiti, siku ya tano aandike tu. Ukikimbilia daftari siku ya kwanza atarudi kwenye 35. Baadaye mjaribu 402 toa 178. Kama akikujibu 376, ni ugonjwa uleule umerudi, safari hii kwa sababu ya ile sifuri katikati.

Wazazi wananiletea kazi za mradi za mtaala wa CBC, kutengeneza vikapu, mabango, wanataka nizimalize. Wengine wanaleta kazi ya nyumbani nifanye mimi. — Likoni

Usifanye. Mwalimu wa shule anapima alichoweza mtoto, na mkono wa mtu mzima anaujua kwa mbali. Robo saa ya kwanza ya kipindi mtoto afanye kazi yake mwenyewe, wewe ukizunguka. Asichokiweza weka alama ya duara kwa penseli, usikifute, mwalimu wake akione. Mradi wa mkono toza kando au kataa kabisa, kwa sababu kikapu kimoja kinakula kipindi kizima cha watoto watano wengine.

Mimi ni kijana wa kiume, nasoma chuo kikuu. Naalikwa kufundisha majumbani Nyali na Bamburi. Wazazi wengine wana wasiwasi, na mimi pia nina wasiwasi. — Tudor

Wasiwasi wa pande zote mbili ni jambo jema, usiuone haya. Fundishia ukumbini, mlango wazi, mtu mzima akiwa nyumbani muda wote. Akitoka kwenda dukani, nawe toka ukakae barazani na mtoto. Chukua cheti cha maadili mema cha polisi, maombi huanzia eCitizen na alama za vidole huchukuliwa na DCI, idara ya upelelezi, na umwonyeshe mzazi kabla hajakuuliza. Mawasiliano yote yapitie simu ya mzazi. Mtoto asiwe na namba yako, wala usimtumie ujumbe usiku kumkumbusha zoezi.

Fimbo hapana, hata mzazi akikukabidhi mwenyewe. Kifungu cha 36 cha sheria ile ya elimu ya 2013 kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya akili kwa mwanafunzi. Picha za watoto kwenye status, ati kutangaza kazi, usiweke bila ruhusa ya mzazi: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa yake. Piga picha ya ubao. Na ukiona alama za kipigo mwilini mwa mtoto, au akakwambia jambo la kutisha, usifanye upelelezi. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, na haitozwi.

Nimepata mwanafunzi wa Gredi 10, fizikia, yuko Likoni nami niko Tudor. Analipa 500 kwa saa. Inafaa? — Mhandisi asiye na kazi

Feri haikutozi ukiwa kwa miguu, lakini saa zako inazitoza. Matatu mpaka Kivukoni, foleni, kuvuka, kisha boda upande wa pili: tuseme dakika 75 kwenda na 75 kurudi, na nauli 200. Saa moja ya 500 imekuwa saa tatu na nusu kwa 300, yaani shilingi 86 kwa saa. Mwambie mzazi vipindi viwe vya saa mbili, mara moja kwa wiki, na atafute mwanafunzi wa pili wa gredi hiyohiyo ng'ambo ile. Wawili kwa 400 kila mmoja kwa saa ni 1,600 kwa saa hizo mbili. Ukitoa nauli unabaki na 1,400 kwa saa nne na nusu, shilingi 311 kwa saa, na kila mzazi amepunguziwa 100 kwa saa. Wasipopatikana wawili, tafuta wa Tudor.